Usiku Mtakatifu kwa Mikono Miwili: Mapitio ya Mpangilio wa Piano

Mwezi wa Oktoba nilinunua mtandaoni noti za wimbo wa Krismasi "Usiku Mtakatifu" zilizopangwa kwa ajili ya piano peke yake, zikielezwa kuwa ni za wapigaji waliobobea. Baada ya kuzifanyia mazoezi kwa wiki sita, naona ninaweza kuzitolea hukumu bila kumwonea aliyezipanga, yaani mpangaji, wala kumpendelea.

Wimbo huu humtega mpangaji kwa wepesi wake. Franz Xaver Gruber aliutungia muziki tarehe 24 Desemba 1818, kwa maneno ya padre Joseph Mohr, nao ukaimbwa usiku uleule huko Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria, kwa sauti mbili na gitaa. Ubeti una vipimo (vigawanyo vya mapigo) 12 tu, kodi zake za msingi, yaani mafungu ya noti zinazopatana, ni tatu, na vipimo viwili vya kwanza havitoki kabisa kwenye kodi ya nyumbani, ile ambayo wimbo huanzia na kuishia. Asiyeongeza kitu atamchosha msikilizaji kufikia ubeti wa pili, na anayeongeza mno ataufukuza huo utulivu ambao ndio wimbo wenyewe.

Katika ubeti wa kwanza mpangaji ameuelewa mtego huo. Amebaki katika D meja, ufunguo (ngazi ya noti) aliouandikia Gruber, na mkono wa kushoto unadonoa kodi noti moja moja kama vidole juu ya nyuzi za gitaa, huku pedali ikitakiwa kubadilishwa mara mbili katika kila kipimo. Ubeti wa pili ndio ulionifanya nisijutie fedha zangu. Melodi inashushwa hadi kwenye sauti ya tenor, ile ya juu ya wanaume, katikati ya kinanda, ambapo vidole gumba vya mikono yote miwili vinapokezana kuiimba, ilhali vidole vingine vinapanda na kushuka juu na chini yake, hata asiyetazama hudhani kuna mkono wa tatu. Mbinu hiyo si mpya, kwa maana mpiga piano Sigismond Thalberg alivuma nayo Paris katika miaka ya 1830, lakini hapa imetumiwa kwa kiasi, na ugumu wake hauko katika kasi bali katika kuvifanya vidole gumba viimbe bila kugonga. Mimi ilinichukua karibu wiki tatu kati ya zile sita.

Ubeti wa tatu umeniudhi. Muziki unarukia B bemoli meja, mikono yote miwili inapiga oktavu (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, kwa pamoja) kwa nguvu zote, na melodi, ambayo kutoka noti yake ya chini hadi ya juu ina upana wa oktavu moja na kwarta (noti nne) juu yake, inatawanywa hadi pembe za kinanda. Kwenye ukumbi wenye piano kubwa huenda watu wakashangilia. Mtoto aliyelazwa katika ubeti wa kwanza, hata hivyo, atakuwa amekwisha kuamka. Zaidi ya hayo, kodi kadhaa za mkono wa kushoto zinavuka oktavu kwa noti mbili, na hakuna alama inayoruhusu kuzipiga kwa kuzitandaza, yaani noti moja baada ya nyingine, jambo ambalo sisi wenye viganja vidogo tunalazimika kuliamua wenyewe.

Uchapaji ni safi na unasomeka vizuri hata kwa mwanga hafifu wa kanisani. Namba za vidole, kwa bahati mbaya, zimewekwa kwenye ukurasa wa kwanza tu, mahali ambapo hazihitajiki sana, na ukurasa wa nne unaishia katikati ya ule mpokezano wa vidole gumba, pasipo mkono ulio huru kuufunua. Nilimwandikia mpangaji kuhusu kasoro hii, naye baada ya siku mbili akanitumia nakala mpya iliyohamisha mstari mmoja, kwa adabu na bila malipo ya ziada. Oktavu hakuzigusa. Kwa hiyo nimekata kwa penseli ubeti wote wa tatu, na mkesha wa Krismasi nitatoka kwenye ubeti wa pili moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho, ambako lile gitaa linarudi taratibu katika D meja.