Samaki wa Kupaka Kibokoni, Nimeingia na Rubani

Nimekula kwenye mkahawa huu mara nne, na mara zote nne nimeingia na mbwa. Mwenye haja ya habari za samaki ataruka aya kadhaa. Mimi nitaanza na mlango, kwa kuwa mlangoni ndiko ninakorudishwa.

Jina la mkahawa silitaji. Mwenyewe ameniomba hivyo, asije akaletewa maneno kwa kumruhusu mbwa kuingia. Uko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, dakika kumi kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu kwa mwendo wangu, na harufu ya samaki akichomwa kwa makaa utaipata kabla hujakata kona. Wa mtaa watautambua.

Mimi nilikuwa fundi wa kofia za kushona kwa mkono. Glakoma, ugonjwa wa macho, ilinichukua jicho la kushoto, kisha la kulia likabaki kuona mwanga na vivuli. Rubani ni mbwa chotara, mama yake koko wa Kongowea, baba yake mbwa wa ulinzi wa Nyali. Nilimchukua akiwa na miezi mitatu, tukamfunza kwa miezi ishirini, mimi na mpwa wangu: yeye akitazama, mimi nikishika mpini. Mkanda wake wa kifuani niliushona kwa turubali, na mpini ni kipande cha bomba la plastiki, lile la kupitishia nyaya za umeme. Vidole vyangu bado vinajua sindano.

Kazi yake ni kusimama penye ngazi au mtaro, kutafuta mlango, kutafuta kiti kitupu. Na kazi kubwa kuliko zote ni kunikatalia. Siku moja Barabara ya Digo nilisikia magari yametulia, nikamwambia, "Mbele." Hakwenda. Nikarudia kwa ukali kidogo. Akageuka akajiweka kiubavu mbele ya magoti yangu, nikahisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Tuktuk ikapita kinyume cha njia, karibu kiasi cha kunipeperusha kanzu. Mbwa wa kutii kila neno angenipeleka chini ya magurudumu. Hilo la kukataa ndilo lililotuchukua miezi mingi kuliko mengine yote.

Sasa mlango. Wiki moja kabla ya kuufika mkahawa huu nilizuiwa kwenye duka kubwa la upande wa Nyali. Askari alisema, "Mzee, mbwa hapana. Kama ni wa kipofu, toa cheti." Cheti sina. Nikasimama juani mpwa akaninunulia sukari na majani ya chai. Sikumlaumu yule kijana, alifanya alivyoambiwa. Lakini neno "cheti" lilinikaa kooni siku kadhaa.

Hapa Kibokoni nilipokewa na mwanamke, namjua kwa bangili na harufu ya udi. Alisema, "Karibu, Ami. Huyu mbwa unamhitaji kwa sababu ya macho?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Amefunzwa kukufanyia nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ingieni. Ila akichafua au akiwabwekea watu, utamtoa, sivyo?"

"Nitamtoa kabla hujaniambia."

Mazungumzo yote hayakufika dakika moja, na sijapata kuulizwa vizuri kama vile. Baadaye nilimuuliza alijifunza wapi. Ana kaka yake Marekani, anafanya kazi mkahawani huko Ohio, na walifundishwa kazini kwamba mteja akija na mbwa, na kazi ya mbwa haionekani wazi, wana ruhusa ya maswali mawili tu: je, mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani. Mpwa wangu alinisomea sheria yenyewe, ile ya Marekani ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu, na kanuni zake zilizoanza kutumika 2011. Kweli ndivyo. Mkahawa hauruhusiwi kudai cheti, wala kuuliza una ugonjwa gani, wala kutaka mbwa aonyeshe kazi yake papo hapo. Na mwenye mbwa anaweza kumfunza mwenyewe. Hilo nililisikiliza mara mbili.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wa pili, na huo wengi huuruka. Mbwa lazima awe chini ya mamlaka ya mwenyewe, na awe amezoeshwa kutojisaidia ndani. Akikosa adabu na mwenyewe asimtulize, mkahawa una haki ya kumtoa mbwa, na mwenyewe bado ahudumiwe bila mbwa. Mbwa wa kumliwaza tu mtu, asiyefunzwa kazi maalumu, hahesabiwi humo. Mbwa ambaye bado anafunzwa naye halindwi na sheria hiyo ya taifa, inategemea jimbo. Kwa hiyo miezi ile ishirini, hata kama ningekuwa Marekani, nisingeweza kusukuma mlango wa kila mkahawa na kusema sheria hiyo ya taifa inanipa haki. Na sikufanya hivyo hapa. Tulizoea kwanza soko la nje, kivuko cha Likoni asubuhi mapema, baraza za jamaa.

Kuna watu huko wanaonunua vizibao na vyeti vya mbwa kwenye intaneti, na karatasi hizo hazina nguvu yoyote mbele ya sheria hiyo. Rubani anavaa kizibao chekundu chenye maandishi "USINIGUSE, NIKO KAZINI". Nimekishona mwenyewe, kwa hiyo najua vizuri kwamba hakithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni pale anapolala chini ya meza saa nzima na paka wa Mji wa Kale akapita mbele ya pua yake.

Hiyo ni Marekani, na mimi naishi Mombasa. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kadiri inavyofaa. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inawakataza hata watu binafsi, si serikali peke yake. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao unataja msaada ulio hai pamoja na vifaa vya kutembelea, na Ibara ya 2 ya Katiba inaufanya mkataba kama huo kuwa sehemu ya sheria zetu. Katika ibara hizo neno mbwa halimo. Mimi nasoma kwamba Rubani yumo, kama fimbo nyeupe ilivyomo. Askari wa dukani hajasomewa hivyo, na mimi siwezi kumsomea Katiba foleni ikiwa nyuma yangu.

Mara ya pili kula pale, mzee mmoja alilalamika. Alisema, bila kupaza sauti, "Bi, hapa watu wanatoka kuswali. Mbwa ni najisi." Yule mama hakunifukuza mimi wala hakumnyamazisha yeye. Alikuja akaniuliza, "Ami, utapenda meza ya karibu na mlango, penye upepo, au ubaki hapa?" Nikachagua mlangoni. Nasisitiza: nilichagua. Ikifanywa kanuni kwamba mwenye mbwa akae pembeni, nitaikataa, na hata Marekani haikubaliki kumtenga. Ila kuombwa kwa heshima na jirani yangu ni jambo jingine.

Kisha nikazungumza na yule mzee. Nilimwambia, "Sheikh, sisi sote hapa ni Mashafi'i, na kuhusu mate yake hujakosea. Ndiyo maana anakunywa kwenye bakuli lake ninalolibeba mimi." Kwa madhehebu yetu hayo, chombo cha mkahawa akikiramba, kitaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na sitaki kumtwika mwenye duka kazi hiyo. Nilimwonyesha mkeka wa Rubani, unaomzuia kugusa sakafu, na nikamwambia kanzu ya kuswalia ninayo nyingine nyumbani. Kikavu kwa kikavu hakinajisi, hilo alilijua kuliko mimi. Nikamkumbusha Surat al-Maida, aya ya 4, inayohalalisha windo la wanyama tuliowafunza. Kama mbwa wa kuwinda ameruhusiwa kwa haja ya chakula, haja ya macho ni ndogo? Alikaa kimya, kisha akaniuliza mbwa ana umri gani. Mwaka 2008, nikamwambia, msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimtengea mbwa wa mwanafunzi kipofu mahali pa kupumzika mlangoni. Mimi msikitini simpeleki. Mpwa hunishika mkono. Huo ni uamuzi wangu, simpangii mwingine.

Wenzangu mnaofunza mbwa wenu wenyewe, nawaomba hili kwa moyo wote. Hakuna shule iliyotuandikia barua, kwa hiyo tabia ya mbwa ndiyo barua. Rubani anachanwa manyoya kabla ya kutoka, chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka na kadi iko mfukoni, anazungushwa nje ajisaidie kabla hatujafika. Siku akiwa na homa au woga tunabaki nyumbani. Mmoja wetu akimwingiza mbwa asiye tayari, akang'ata mtoto, milango ya mji mzima itafungwa.

Samaki sasa. Ni samaki aina ya changu, mzima, amechanjwa, akachomwa polepole, na tui lake zito limekaukia juu ya ngozi hadi kando kando linatafunika. Ukwaju haujazidi. Wali wa nazi mara tatu ulikuwa mzuri, mara moja ulikuwa na mchanga. Juisi ya ukwaju tamu mno kwangu. Muhudumu alinisomea bei zote bila kuombwa na kuniambia miiba iko upande gani wa sahani, kama saa: "Kichwa saa tatu, ndimu saa kumi na mbili."

Kasoro zipo. Kijana wa jikoni alimpigia Rubani mluzi, halafu akamrushia mfupa. Alifanya kwa huruma, lakini mbwa anayeokota vya sakafuni ataniacha katikati ya barabara akifuata ganda la muhogo. Nilisema, na mama akamwita kijana akamweleza mbele yangu bila kumdhalilisha. Choo kiko nyuma, kwenye ujia mwembamba usiotosha mtu na mbwa. Na ngazi ya mlangoni ni ndefu kuliko kawaida. Mara ya tatu niliitaja. Mara ya nne nikakuta ukingo wake umepakwa chokaa nyeupe, mstari ambao jicho langu la kulia liliuona.

Changu, wali na juisi nililipa shilingi 780. Mbwa hakutozwa kitu. Ijumaa mchana msiende, pamejaa mno, na mimi siku hiyo simpeleki Rubani. Siku nyingine fikeni kabla ya saa saba, changu huisha mapema, na wanaobaki ni tafi wadogo.