Likizo ya uzazi: uanze mapema au usubiri uchungu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na anaruhusiwa kuanza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Ukianza mapema hivyo, miguu iliyovimba inapumzika, ila baada ya kujifungua unabaki na wiki 8 tu. Ukikaza hadi karibu na uchungu, unapata takriban 12. Mimi ningesubiri, daktari akiruhusu: mshono wa upasuaji unataka wiki 6 hivi, na wiki ya 8 bado unaamka saa tisa usiku kunyonyesha, alfajiri ugombanie daladala. Kama hujatimiza miezi 6 kazini, sheria haikupi likizo yenye malipo. Zungumza na mwajiri mapema.