Kikao cha baada ya zoezi au daftari la kamanda?

Kiongozi wa jeshi anayetaka kujifunza kutokana na aliyoyapitia ana njia mbili nzuri, kikao cha tathmini na daftari lake mwenyewe.

Kikao jeshi la Marekani walikianza miaka ya 1970, na pale Fort Irwin, kambi yao ya mazoezi kwenye jangwa la Mojave, California, ndo kilikolea kabisa, kikosi kinapambana na adui wa mazoezi alafu wote wanakaa chini, maswali manne tu: tulipanga nini, kimetokea nini, kwa nini, na kesho tunabadili nini. Uzuri wake koplo anaweza kumwambia meja, afande pale ulichelewa kutoa oda, na meja anasikiliza, maana kamanda peke yake haoni kila kitu. Ila msimamizi akianza kutafuta wa kulaumiwa basi, watu wanafunga midomo.

Daftari ni la usiku, uko mwenyewe. Hapo unaandika woga, hasira, ile sababu ya kweli iliyofanya uamue vile, vitu ambavyo mbele ya askari wako huwezi kutamka. Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika kwenye Vita Kuu ya Pili, tarehe 5 Juni 1944 aliandika kikaratasi kwa mkono kwamba uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa, ukishindwa lawama ni zake peke yake, na tarehe akakosea akaweka Julai, fikiria mzigo aliokuwa nao! Shida ya daftari hakuna wa kukupinga.

Mi luteni mpya ningemuanzisha na kikao, alafu daftari aandike usiku huohuo kabla kumbukumbu haijajipamba.