TAHADHARI: Laptop "inayotumia laini" ina tundu tu, ndani hamna modemu

Mnaotafuta laptop used, kuweni macho na tangazo la aina hii: "EliteBook, ThinkPad, Latitude kutoka Uingereza, inatumia laini, huhitaji hotspoti." Bei imepandishwa kwa ajili ya hiyo laini. Muuzaji anavuta kitrei cha pembeni, anachomeka laini mbele yako, inaingia vizuri kabisa. Ukifika nyumbani haisomi kitu. Ukimpigia, jibu ni moja: "Ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) tu hiyo, pakua."

Si draiva. Tundu la laini linaweza kuwepo hata kwenye mashine ambayo haikuwekewa modemu (kadi ya ndani inayoshika mtandao wa laini) kiwandani. Nyingine ilikuwa nayo, ikachomolewa ikauzwa peke yake. Kwenye ThinkPad T480, nafasi ya modemu huingia pia SSD (diski ya kuhifadhia) fupi ya saizi ya 2242, kwa hiyo ile "SSD ya pili" unayosifiwa huenda ndiyo imekalia kiti cha modemu. Na stika ya IMEI (namba ya utambulisho ya modemu) chini ya mashine haithibitishi chochote. Kadi ikiondoka, stika inabaki.

Pima kabla hujalipa. Zima Wi-Fi na Bluetooth, chomoa kila waya wa USB, maana intaneti unayoonyeshwa inaweza kuwa inatoka kwenye simu iliyo ndani ya droo. Fungua Command Prompt uandike:

netsh mbn show interfaces

Modemu ikiwepo utaona mtengenezaji, modeli na Device Id, yaani IMEI yenye tarakimu 15 (Tanzania, itume kwa SMS kwenda 15090 uihakiki). Usipoona kitu, nenda Device Manager. Kadi iliyokosa draiva hukaa chini ya Other devices ikiwa na alama ya njano. Kadi isiyokuwepo haionekani popote. Utetezi pekee wa kumsikiliza muuzaji ni kwamba imezimwa kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa mashine inapowaka kabla ya Windows: bonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Aiwashe hapo hapo, upime tena.

Akisema "basi nitakuwekea kadi", mwambie afungue mfuniko wa chini kwanza. Pembeni ya nafasi ya modemu pawe na nyaya mbili nyembamba za antena. Kwenye ThinkPad nyingi ni nyekundu na bluu. Zisipokuwepo, antena inapitishwa kwenye bawaba hadi kuzunguka kioo, na hiyo si kazi ya dakika tano. Wapo mafundi wanaohamisha nyaya za Wi-Fi, ya kijivu na nyeusi, wakazibana kwenye modemu. Laini inasoma, lakini Wi-Fi inakufa, na Bluetooth nayo, kwa kuwa kwa kawaida zote mbili ziko kwenye kadi moja na zinatumia antena hizo hizo. Spika ya Bluetooth ikiwa hatua mbili tu inakatakata.

Halafu si kila kadi inakubaliwa. ThinkPad ikipewa kadi isiyoitambua hugoma kuwaka na kuandika kosa namba 1802. HP huandika 104. Kadi za zamani za Marekani za CDMA (aina ya mtandao wa simu) ni chuma chakavu huku kwetu. Angalia modeli kwenye lebo ya kadi uhakikishe inashika masafa ya band 3 (1800 MHz) na band 20 (800 MHz).

Kuna na kile kidude cha USB cha "Bluetooth 5.0" unachopewa kama nyongeza. Device Manager, Bluetooth, jina la kidude, Advanced: ukikuta LMP (namba ya toleo la Bluetooth) 9 ni 5.0 kweli. LMP 6 ni 4.0, chochote kilichoandikwa kwenye pakiti.

Ukiridhika na kuamua kununua, risiti iandikwe modeli ya modemu na IMEI yake. "Ina slot ya laini" usiikubali. Slot unayo, na hutamdai kitu.