Lord of the Flies ya William Golding: nakala ya kununua Nairobi na namna ya kuisoma

Miongozo mingi ya fasihi inayouzwa katikati ya jiji imeidhulumu riwaya hii kwa jedwali moja: gamba la kome ni demokrasia, miwani ni sayansi, kichwa cha nguruwe ni shetani, basi. Mwanafunzi akishakariri hayo, haoni haja ya kuifungua riwaya yenyewe. Hasara ni kubwa, kwa sababu taashira za Golding hazifanyi kazi hivyo. Kila moja ni kifaa kwanza: kina mwenyewe, kinatumika, kinachakaa, kinaibwa. Maadili ya kitabu yamo humo katika kuchakaa na kuibwa, na hayo jedwali haliyaoni.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wavulana wa Kiingereza wanahamishwa kukwepa vita, ndege yao inashambuliwa na kuangukia kisiwa kisicho na watu, na hakuna mtu mzima aliyepona. Ralph anachaguliwa mkuu kwa kura. Jack, kiongozi wa kwaya, anageuka mwindaji, kisha anajitenga na kundi lake. Kufikia sura ya 12, ambayo ndiyo ya mwisho, wavulana wawili wameuawa na wenzao na wa tatu anawindwa. Golding alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana mjini Salisbury, na wakati wa vita alilitumikia Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Juni 1944, majeshi yalipotua Normandy, aliongoza chombo cha kurushia roketi. Faber and Faber waliitoa riwaya Septemba 1954 baada ya wachapishaji kadhaa kuikataa. Alikuwa akikijibu The Coral Island cha R. M. Ballantyne cha mwaka 1857, ambamo Ralph, Jack na Peterkin wanabaki Wakristo wema na uovu wote unatoka kwa wenyeji na maharamia. Golding aliwaondoa wenyeji na maharamia, kisha akatazama uovu utatokea wapi.

Tuanze na kome. Katika sura ya 1 Piggy, mvulana mwenye miwani, ndiye anayejua namna ya kulipuliza, pumzi itoke chini tumboni, lakini ana pumu, kwa hiyo anayepuliza ni Ralph. Elimu ya mmoja, mapafu ya mwingine. Kisha inawekwa kanuni kwamba mwenye kulishika ndiye mwenye zamu ya kusema. Msomaji aliyewahi kuiona siwa ya shaba ya Lamu haelezwi zaidi: ni baragumu lenye enzi kwa sababu watu wamekubali kuliheshimu, si kwa sababu shaba au gamba lina nguvu yake. Fuatilia rangi yake. Linapookotwa ni la maziwa lenye uwaridi. Kufikia sura ya 5 jua limeipausha rangi hiyo hadi karibu nyeupe, na gamba linaanza kupenyeza mwanga. Mwandishi hatamki popote hapo kwamba sheria inadhoofika. Katika sura ya 9 Jack anasema kome halina maana upande ule wa kisiwa. Katika sura ya 10 watu wake wanaivamia kambi ya Ralph usiku, na Piggy anadhani wamelifuata kome. Wameliacha mahali pake. Wamechukua miwani, kwa kuwa miwani ndiyo inayowasha moto wa kuchomea nyama. Hakuna ukurasa mwingine unaoeleza siasa kwa ukali kama huo, na walimu wengi huupita mbio.

Miwani yenyewe ina kasoro ya kifizikia. Piggy haoni mbali, na lenzi ya mtu wa aina hiyo ni nyembamba katikati; hutawanya miale ya jua, haiikusanyi. Haiwezi kuwasha moto. Anayetaka kulihakiki hili darasani atafute miwani mbili: moja ya kusomea yenye nguvu ya +3 na nyingine ya mtu asiyeona mbali. Saa sita mchana, ya +3 ikishikwa kama sentimita 33 juu ya karatasi nyeusi iliyokauka itaweka nukta kali ya mwanga, na karatasi huweza kuungua. Ya pili itatoa kivuli chenye duara la mwanga hafifu pembeni. (Maji yawe karibu, na asiwepo wa kulitazama jua kupitia lenzi.) Kasoro hii haiangushi riwaya, lakini wanafunzi wa sayansi huigundua, na mwalimu asiyeijua huaibika.

Kipande bora zaidi cha kitabu si kome wala miwani, ni mawe ya Roger, mmoja wa wavulana. Sura ya 4: Henry, mtoto mdogo, anacheza ukingoni mwa maji. Roger amejificha nyuma ya mnazi, anaokota mawe na kumrushia, lakini anarusha kwa kumkosa. Kumzunguka Henry kuna nafasi ya yadi sita hivi, yaani mita tano na nusu, ambayo Roger hathubutu kuitupia jiwe. Mkono unazuiwa na wazazi, shule, polisi na sheria, vitu ambavyo havipo tena kisiwani. Sasa ruka hadi sura ya 11. Roger huyo huyo yuko juu ya mwamba, ameegemeza uzito wake wote kwenye mti wa kubingirishia jiwe. Jiwe linampiga Piggy, na kome linasagika pamoja naye. Zisome sura hizo mbili kwa mkupuo mmoja. Hakuna mahali katika sura hizo panapotangazwa kwamba ile nafasi ya mita tano na nusu imefutika. Msomaji anaipima mwenyewe.

Ndiyo maana mazungumzo ya mvulana Simon na kichwa cha nguruwe kilichochomekwa mtini na wawindaji, sura ya 8, yanatupungukia. Kichwa kinatamka kwamba mnyama anayeogopwa yumo ndani yao. Maiti ya rubani kwenye mwavuli wa sura ya 6, anayeinuliwa na kuinamishwa na upepo huku watoto wakimdhania mnyama, ilitosha: hofu yao imeshushwa kutoka kwenye vita vya watu wazima.

Msomaji wa Nairobi ana swali lake pia, na asilimeze. Aprili 1954, miezi mitano kabla ya kitabu kutoka, majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji huu katika Operesheni Anvil, msako dhidi ya Mau Mau, na kukamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Riwaya inavunja majivuno ya Mwingereza anayejiona bora kwa kila jambo, na afisa wa manowari anayekuja mwishoni, sare safi na bastola kiunoni, naye anawinda watu. Hata hivyo kipimo cha kuanguka kwa wavulana ni uso uliopakwa rangi na neno "mshenzi". Kwa Mmasai au Msamburu, uso uliopakwa una heshima yake. Katika matoleo ya mwanzo ya Uingereza, sura ya 11, Piggy anatumia tusi la kibaguzi dhidi ya watu weusi. Matoleo ya Marekani yaliweka neno la kuwataja Wahindi Wekundu. Mwalimu aukague ukurasa huo kabla ya kumpa mwanafunzi ausome kwa sauti, na aujadili wazi.

Nakala. Kwa wauzaji wa inama, wanaotandaza vitabu chini kando ya mitaa ya Tom Mboya na Moi Avenue, za mtumba hupatikana, na karatasi yake mara nyingi ni nzito kuliko ya nakala zilizotolewa kinyemela. Hizi za kinyemela utazijua kwa wino uliofifia, maneno yaliyokatwa ukingoni na gundi inayoachia kurasa. Kabla ya kulipa, hesabu sura 12, pitisha kidole kwenye namba za kurasa kuanzia sura ya 8 hadi ya 10, kisha tazama mwisho: afisa anaikodolea macho meli yake kwa mbali. Ukikosa hapo, rudisha. Maandishi ya penseli ya msomaji aliyetangulia yafute, la sivyo utasoma jedwali lile lile.

Kwa kikundi cha usomaji, vikao vitatu vinatosha: sura 1–4, 5–8, 9–12. Mpe kila mtu kifaa kimoja, aandike kila kinapotokea, nani anakishika na kiko katika hali gani. Kinachoharibu vikao ni kuuliza mapema kama binadamu ni mwovu kwa asili. Mjadala hugeuka mahubiri na kitabu hufungwa. Swali hilo lingoje kikao cha tatu. Filamu ya Peter Brook ya mwaka 1963 itazamwe baada ya hapo, na atakayetaka zaidi aende kwenye The Inheritors ya 1955, ngumu zaidi kwa lugha, ila yenye huruma nyingi kuliko hii.