Kutafuta virusi vya popo: kumnasa popo au kutandika plastiki chini yake?

Wavu mwembamba unakupa popo mwenyewe mkononi: unapima urefu wa kigasha, unajua spishi, jinsia na umri, unachukua ute wa mdomoni kwa kijiti cha pamba, kisha unamwachia. Ndivyo kirusi cha Bombali, cha jamii ya Ebola, kilivyogunduliwa Sierra Leone na kutangazwa 2018. Lakini popo hutaabika, na mtafiti anaweza kung'atwa.

Plastiki ni ya upole zaidi. Popo wakirudi mtini alfajiri hukojoa, nawe unakusanya matone. Kisiwani Tioman, Malaysia, mkojo huo ulitoa virusi vya Nipah, vinavyoweza kuua watu, na kirusi kipya kabisa, kilichopewa jina la Tioman. Shida ni kwamba hujui tone ni la popo yupi. Kwangu mimi, plastiki itangulie.