Fizio ya balansi Kisumu baada ya implanti ya sikio: nyota 4, moja nimeiacha kwa ngazi

Niliwekewa implanti ya koklea, kile kifaa cha kusaidia kusikia kinachowekwa kwa upasuaji, sikio la kulia huko Nairobi, nikarudi Kisumu nikidhani kazi imeisha, ni kungoja tu waiwashe baada ya wiki kama nne hivi. Wapi. Nimeinama kufunga kiatu nikajipata nimekumbatia mguu wa meza. Haikuwa kizunguzungu cha malaria, ni kama niko kwa boti pale Dunga na kumbe niko jikoni kwangu. Mchana afadhali, lakini stima ikipotea usiku nilikuwa natambaa kwenda choo, sitanii.

Dada yangu ndio alinipeleka hii kliniki ya fizio, yaani tiba ya mazoezi, iko Milimani. Sasa skieni, iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Watu wa kizunguzungu! Nilipanda nikishikilia reli kama mtoto anajifunza kutembea. Halafu risepsheni wanaita majina kwa mdomo, na mimi sikio la kushoto lilikufa zamani la kulia halijawashwa, nimekaa tu hapo natabasamu hadi watu watatu wakanipita.

Lakini yule fizio, ai, kijana mpole, anaongea akikuangalia usoni na akiona hujashika anaandika. Alinichorea sikio kwa karatasi: koklea, ile iko kama konokono, imepakana na ile mifereji mitatu ya balansi na maji ya ndani yameungana, kwa hivyo daktari akipitisha waya wa implanti kwa konokono jirani naye anaweza kusumbuka. Akasema mwili unajishikilia na vitu vitatu, masikio, macho na miguu, moja ikilegea zingine zinabeba mzigo, na hapo ndio nikaelewa mbona giza lilikuwa linanimaliza. Nilikuwa nameza tembe za kizunguzungu nimenunua tu duka la dawa, akanituma kwa daktari wangu kwanza juu ukizikalia sana ubongo unachelewa kuzoea hali mpya.

Mazoezi ukiyaona utacheka. Unashika kadi imeandikwa herufi moja, unageuza kichwa kushoto kulia na macho yasitoke kwa ile herufi. Siku ya kwanza nilitaka kutapika. Kusimama juu ya sponji umefunga macho, kutembea kisigino kikigusa vidole, na yeye nyuma yako mikono tayari, "mama, usiangalie chini, angalia mbele." Nyumbani ni kila siku, hapo ndio wengi huchoka nadhani.

Kitu hawawezi kurudisha ni ule usikivu kidogo ulikuwa umebaki. Hilo sikio la kulia lilikuwa bado linashika sauti nzito, lori, ngoma za kanisa, mzee wangu akikohoa. Sauti hizo zinakaa ndani kabisa mwisho wa konokono, waya unaingilia upande wa sauti nyembamba, kwa hivyo kuna wenye hubaki nazo. Zangu zilibaki mwanzoni, halafu zikaisha pole pole kama betri. Nikamuuliza kama mazoezi yatazirudisha. Akasema hapana, haya ni ya balansi tu, rudi upimwe usikivu. Nilimheshimu hapo, juu kuna mwingine hapa mjini alikuwa ameniahidi masaji ya shingo itafungua sikio, na pesa nilikuwa karibu nitoe.

Nililipa 2,000 kwa kikao, mara 6, Mpesa iko sawa. Boda napanda tena ila nikimwambia jamaa apunguze. Gizani bado nashika ukuta, tochi iko kando ya kitanda.

Ukienda waambie risepsheni wakutumie meseji zamu yako ikifika, wameanza kufanya hivyo baada ya mimi kuteta. Ngazi ndio bado ziko.